Maswali ya Wasomaji: Juni 21 Ni Siku ya Nani?

Kila mwaka majira ya joto yanapokaribia, wasomaji wetu wanaoishi Kanada hutuandikia kuhusu Siku ya Kitaifa ya Watu wa Asili, ambayo nchi hiyo huiadhimisha Juni 21 kwa heshima ya makundi matatu ya watu wake wa asili: Mataifa ya Kwanza, Wainuit wa kaskazini, na Wametis, waliotokana na mchanganyiko wa watu wa asili na Wazungu. Safari hii barua zimekuwa nyingi, na baadhi zimeuliza mambo yasiyoweza kujibiwa kwa mistari miwili, kwa hiyo tumeziachia safu nzima. Majina ya walioandika tumeyaondoa, na barua ndefu tumezifupisha.

SWALI: Mimi ni fundi mitambo katika kiwanda kimoja mjini Hamilton, Ontario. Mdogo wangu anafanya kazi Yellowknife, na kila Juni 21 yeye hukaa nyumbani na mshahara wa siku hiyo anaupata. Nilipomuuliza msimamizi wetu, alinijibu kwamba hiyo si sikukuu. Inakuwaje siku iitwe ya kitaifa halafu isiwe sikukuu? (Fundi, Hamilton)

JIBU: Msimamizi wako hakukosea, ila alikujibu kwa mkato. Kuna siku inayotambuliwa na serikali, na kuna siku ya mapumziko yenye malipo, na sheria inazitenganisha kabisa. Tangazo la Gavana Mkuu la mwaka 1996, ambalo ndilo lililoifanya Juni 21 kuwa siku ya kitaifa, liliwataka Wakanada waiadhimishe, lakini halikugusa sheria za kazi. Na sheria za kazi, kwa wafanyakazi walio wengi, hutungwa na kila jimbo au eneo peke yake. Northwest Territories, anakoishi mdogo wako, ndilo lililotangulia kuifanya Juni 21 kuwa siku ya mapumziko, mwaka 2001, na Yukon likafuata mwaka 2017. Katika majimbo kumi ya kusini, hakuna hata moja lililofika hapo.

Ukitaka kujua kwa nini mambo haya yaliwezekana kaskazini, tazama nani anapiga kura huko. Karibu nusu ya wakazi wa Northwest Territories ni watu wa asili, na miongoni mwao wametoka wabunge, mawaziri na mawaziri wakuu wa eneo hilo; ilhali kwa nchi nzima, sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wa asili takriban milioni 1.8, yaani asilimia 5 ya wakazi wote. Nunavut, ambako Wainuit ndio wengi, wana sikukuu yao wenyewe, Julai 9, kwa kumbukumbu ya sheria za mwaka 1993 zilizowawezesha kupata eneo lao la utawala, lililoanza rasmi Aprili 1, 1999.

Iko siku nyingine, Septemba 30, ya kuwakumbuka watoto wa shule za bweni (tutaieleza hapo chini), ambayo tangu mwaka 2021 ni ya mapumziko kwa wafanyakazi wa serikali ya shirikisho na wa sekta zinazosimamiwa na serikali hiyo, kama vile mabenki, mashirika ya ndege, reli na makampuni ya simu. Baadhi ya majimbo, kama British Columbia na Manitoba, yameipitisha kwa wafanyakazi wengine pia. Kiwanda chako, kwa kuwa kinafuata sheria ya kazi ya Ontario, hakimo. Unachoweza kufanya ni kusoma mkataba wa chama chenu cha wafanyakazi, kwa maana baadhi ya vyama vimeshaijadili siku hii na waajiri wao na kuipata. Na kama haimo, swali lako ni zuri la kupeleka kwenye mazungumzo yajayo ya mkataba.

SWALI: Je, siku hii ilibuniwa na serikali ili kujisafisha, au ni ya wenyewe? Na kwa nini Juni 21? (Mwanafunzi, Montréal)

JIBU: Ni ya wenyewe, na ilidaiwa kwa miaka 14 kabla ya kupatikana. Mwaka 1982, jumuiya iliyokuwa ikiyaunganisha Mataifa ya Kwanza, ambayo wakati huo ilikuwa katika kujigeuza kuwa Assembly of First Nations ya leo, ilitoa wito kwamba Juni 21 iwe siku ya mshikamano wa watu wa asili. Tarehe hawakuipata kwa kubahatisha. Ndiyo siku ambayo, katika nusu ya kaskazini ya dunia, jua hukaa angani muda mrefu kuliko siku zote, na mataifa mengi ya asili yalikuwa yakikutana kwa sherehe katika majira hayo tangu kabla ya Mzungu wa kwanza kutia nanga. Jimbo lako la Québec liliitambua siku hiyo mwaka 1990, miaka sita kabla ya serikali ya shirikisho.

Mwaka huo wa 1990 unastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu bila huo pengine siku hii isingekuwapo. Mwezi Juni, katika bunge la jimbo la Manitoba, mbunge mmoja wa taifa la asili la Wakri (Cree), aitwaye Elijah Harper, mwenyeji wa Red Sucker Lake, alikuwa akisimama na unyoya wa tai mkononi na kukataa. Makubaliano ya kurekebisha katiba, yaliyojulikana kwa jina la Meech Lake, yalitakiwa kuidhinishwa na majimbo yote kabla ya Juni 23, na Manitoba isingeweza kuwahi muda huo bila wabunge wote kukubali kuziruka taratibu za kawaida. Makubaliano yale yaliitambua Québec kuwa jamii ya pekee, lakini watu wa asili hawakuulizwa lolote. Spika alipouliza kama wote wameafiki, Harper alisema hapana, na siku zilizofuata akasema hapana tena, mpaka muda ukaisha. Utakutana na watu wazima hapo Montréal ambao jambo hilo bado linawauma, na si vibaya kuusikiliza upande wao pia.

Wiki chache baadaye, karibu kabisa na mji wako, Wamohawk wa Kanehsatà:ke walizuia upanuzi wa uwanja wa gofu kwenye msitu wa misonobari uliopakana na makaburi yao, na mvutano na polisi, kisha na jeshi, ulidumu siku 78. Baada ya hapo ndipo ilipoundwa Tume ya Kifalme kuhusu Watu wa Asili, na tume hiyo, mwaka 1995, ikapendekeza iwepo siku ya kitaifa. Mwaka huohuo, Harper, ambaye sasa alikuwa mbunge wa shirikisho, aliongoza kusanyiko kubwa la viongozi wa dini na wa jamii za asili lililotoa wito uleule. Juni 13, 1996, Gavana Mkuu Roméo LeBlanc akatia saini tangazo, na siku nane baadaye ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza. Jina inalotumia leo ilipewa mwaka 2017.

Kwamba serikali huitumia kujisafisha, hilo nalo hutokea, na wenyewe hawasiti kulisema jukwaani huku mawaziri wamekaa mstari wa mbele.

SWALI: Jirani yetu, dada wa Kikri, ametualika kwenye powwow, yaani mkusanyiko wa ngoma za watu wa asili, ya Juni 21. Tuvae nini? Tunaruhusiwa kucheza na kupiga picha? Binti yangu wa miaka saba anataka kujitengenezea taji la manyoya ili afanane na wachezaji. (Mama wa watoto watatu, Edmonton)

JIBU: Nendeni, mama, na mwende mapema ili msikose maandamano ya kuingia uwanjani, maana hayo ndiyo moyo wa shughuli yote. Taji la manyoya, hata hivyo, mwambie binti aliache. Manyoya ya tai hutunukiwa mtu kwa jambo alilolitenda, na taji zima ni la watu wachache mno waliopewa na jamii zao. Mtoto hatalaumiwa, lakini mzazi ataonekana hakuuliza. Nguo zenu za kawaida za heshima zinatosha. Chukueni viti vyenu vya kukunja, maana vilivyozunguka uwanja kwa ndani, vyenye mablanketi juu yake, ni vya wachezaji na familia zao hata vikiwa vitupu. Pombe haiingii.

Maandamano yakianza, mshereheshaji atawaomba wote wasimame na kuvua kofia. Hutangulia fimbo zenye manyoya ya tai, kisha bendera, zikibebwa na maveterani na wazee, ndipo wafuate wachezaji kundi baada ya kundi kulingana na mtindo wao. Ngoma yenyewe ni moja kubwa, iliyolazwa, na waimbaji huizunguka wameketi, kila mmoja na kirungu chake, wakipiga kwa pamoja huku mmoja akianzisha wimbo kwa sauti ya juu na wengine kumpokea. Msogee msikilize, lakini msiiguse na msiweke kitu juu yake.

Mwambie binti atazame kwa makini wanawake na wasichana waliovaa magauni yenye vipande vya bati. Ni mamia ya vibati vilivyokunjwa kama pia, vimeshonwa safu kwa safu, karibu kiasi kwamba mvaaji akipiga hatua hugongana na kutoa mlio wa mvua juu ya mabati. Zamani vilikunjwa kutoka vifuniko vya makopo ya tumbaku. Ngoma hiyo ilianza kwa Waojibwe, na masimulizi yao huihusisha na homa kali ya mafua ya 1918: baba aliyekuwa na binti mgonjwa alioteshwa gauni na hatua zake, gauni likashonwa, na binti akacheza mpaka akapona. Hadi leo huchezwa kwa ajili ya wagonjwa. Mshereheshaji akisema wimbo ujao ni wa uponyaji, simameni na simu ziwekwe mfukoni.

Kuhusu picha, kanuni ni kumsikiliza huyohuyo mshereheshaji, ambaye atasema lini inaruhusiwa na lini hairuhusiwi. Na kumpiga picha mtu mmoja mmoja, hasa mtoto, muulizeni kwanza. Vazi msiliguse. Shanga zilizomo huenda zilimchukua bibi wa mchezaji miezi kadhaa, na si ajabu zikawa zimeshonwa na mtu ambaye sasa ni marehemu. Mkiona unyoya umeanguka, msiuokote kwa nia ya kumsaidia mwenyewe. Shughuli itasimamishwa, watu watasimama, na mtu mwenye haki hiyo, mara nyingi veterani, atauokota kwa utaratibu wake.

Kucheza mtacheza. Baina ya mashindano huitwa nyimbo za watu wote, na mshereheshaji huwahimiza wageni waingie, wakati mwingine kwa utani mkali kidogo kwa wanaosita. Ingieni na watoto, fuateni mwelekeo wa waliotangulia, mtembee kwa mdundo. Hakuna atakayepima hatua zenu.

Naomba nikuongezee jambo moja, kwa sababu litakusaidia kuelewa ni kwa nini wazee wengine hutokwa machozi katika shughuli ya furaha kama hii. Kuanzia mwaka 1885, sheria ya Kanada iliyowahusu watu hawa ilikataza potlatch, sherehe ya kugawa zawadi ya watu wa pwani ya magharibi, na miaka kumi baadaye ikapanuliwa ili izihusu na ngoma nyingine za ibada za nyanda za kati. Mwaka 1914 ikaongezwa kwamba katika majimbo ya magharibi mtu wa asili haruhusiwi kucheza ngoma kwa mavazi ya jadi nje ya ardhi ya jamii yake bila kibali cha afisa wa serikali. Watu walishtakiwa na kufungwa, vinyago na vyombo vya shaba vya sherehe vikachukuliwa na kupelekwa makumbusho. Makatazo hayo yaliondolewa mwaka 1951. Kwa hiyo mzee wa miaka themanini utakayemwona ameketi kivulini Edmonton alizaliwa wakati ambapo hayo mtakayoyatazama yangeweza kumfikisha mama yake mahakamani.

SWALI: Shuleni kwa mwanangu waliagizwa fulana ya rangi ya machungwa. Nilidhani ni kwa Juni 21, lakini ilikuwa Septemba. Siku hizi mbili zinatofautianaje? (Baba, Calgary)

JIBU: Juni 21 ni ya shangwe na Septemba 30 ni ya kumbukumbu na majonzi. Hiyo ya pili inahusu shule za bweni ambazo serikali ilizigharimia na makanisa yakaziendesha, ambako zaidi ya watoto 150,000 wa Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis walipelekwa mbali na wazazi wao na kuadhibiwa kwa kusema lugha zao. Maelfu hawakurudi nyumbani. Fulana inatokana na Phyllis Webstad, ambaye mwaka 1973, akiwa na miaka sita, alifika katika shule moja ya aina hiyo karibu na Williams Lake, British Columbia, akiwa na shati jipya la rangi ya machungwa alilonunuliwa na bibi yake. Alivuliwa siku hiyohiyo, na hakurudishiwa. Alipolisimulia hadharani mwaka 2013, kikao cha mji mdogo kikageuka kuwa desturi ya nchi nzima. Fulana ya mwanao itunze, na mwaka huu umsimulie kisa chenyewe kabla mwalimu hajamsimulia.

SWALI: Nilipata uraia mwaka jana. Hapa Winnipeg kila mkutano unafunguliwa kwa kutajwa Mkataba wa Kwanza, na Juni 21 iliyopita msemaji mmoja alisema kuwa "sisi sote ni watu wa mikataba". Mimi nimekuja juzi tu, na babu zangu hawakumnyang'anya mtu ardhi yoyote. Mkataba unanihusu vipi? (Raia mpya, Winnipeg)

JIBU: Unakuhusu kwa njia mbili, ndugu yetu, na mojawapo umeiapia wewe mwenyewe.

Tuanze na mkataba wenyewe. Mwezi Agosti 1871, katika ngome ya Lower Fort Garry, safari fupi kaskazini mwa hapo ulipo, wawakilishi wa Malkia wa Uingereza walikubaliana na machifu wa Anishinaabe na Wakri wa vinamasini. Huo ndio Mkataba wa Kwanza katika mikataba 11 yenye namba, ambayo wa mwisho wake ulitiwa saini mwaka 1921, na ambayo ilifungua nyanda za kati na sehemu kubwa ya kaskazini kwa reli, mashamba na miji. Serikali ilipata njia ya kuwaweka walowezi. Upande wa pili uliahidiwa ardhi ya kubaki nayo, shule, na malipo ya kila mwaka kwa kila mtu, yaliyoanza kwa dola 3 na kupandishwa kuwa dola 5 mwaka 1875.

Dola 5 hizo bado zinalipwa, na ni dola 5 zilezile. Ukitaka kuona mkataba kwa macho yako, tafuta siku ya malipo katika mojawapo ya jamii za mkataba huo: afisa wa serikali hukaa nyuma ya meza na noti mpya na daftari la majina, mara nyingi pembeni yake akiwa amesimama askari wa polisi ya shirikisho katika koti lake jekundu, na familia hupanga foleni, bibi na wajukuu, kila mmoja apokee noti yake moja. Fedha zenyewe hazinunui chakula cha mchana. Watu huzifuata kwa sababu kila noti ni ushahidi kwamba makubaliano yangali hai, na kwamba upande wa pili nao unajua hivyo. Ontario ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mikataba ya Robinson ya mwaka 1850 iliahidi kuwa malipo yatapanda kadiri ardhi inavyotoa mapato. Yakapanda mara moja tu, mwaka 1875, hadi dola 4, huku madini na mbao zikitajirisha wengine. Mwaka 2023, mataifa 21 ya upande wa Ziwa Huron yalifikia suluhu ya dola bilioni 10, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Kanada ikathibitisha kwamba serikali ilikuwa imevunja ahadi kwa muda wote huo.

Sasa mkataba una pande mbili. Upande wa pili ulikuwa Ufalme, na Ufalme huo ndio uliokupa uraia. Nyumba unayopanga, barabara unayopita na shule ya watoto wako vimesimama juu ya ruhusa iliyotolewa mwaka 1871. Hakuna anayesema kuwa babu zako waliiba. Kinachosemwa ni kwamba wewe ni mmoja wa wanaofaidika na makubaliano, na mwenye kufaidika nayo ana wajibu ndani yake.

Njia ya pili ni kiapo chako. Tangu Juni 21, 2021, na tarehe hiyo haikuwa ya bahati, kiapo cha uraia cha Kanada kinamtaka mwapaji kuzishika sheria za nchi, ikiwamo katiba inayotambua na kuthibitisha haki za asili na za mikataba za Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis. Badiliko hilo lilikuwa pendekezo la 94, la mwisho kabisa, katika orodha iliyotolewa mwaka 2015 na Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni tulizozitaja juu. Waliopendekeza walikuwa wakiwafikiria watu kama wewe: wageni ambao hakuna aliyewahi kuwaambia wamefika kwenye ardhi ya nani. Maneno hayo uliyasema mkono ukiwa juu, huenda kwa wahaka ukasahau mara tu ulipopewa cheti. Yasome tena.

Walioko British Columbia wasidhani hili limewapita. Sehemu kubwa ya jimbo hilo haina mkataba wowote, jambo ambalo ni zito zaidi, kwa kuwa maana yake ni kwamba ruhusa haijawahi kutolewa.

SWALI: Siku moja ya ngoma na mikate ya kukaanga inasaidia nini, wakati kuna jamii zisizo na maji safi ya bomba katika nchi tajiri kama hii? (Muuguzi, Thunder Bay)

JIBU: Wewe unaishi mahali ambapo wagonjwa kutoka jamii hizo hufikia, kwa hiyo hatutakufundisha kitu. Neskantaga, kaskazini mwa hapo, imekuwa ikiambiwa ichemshe maji tangu mwaka 1995, yaani kabla hata ya siku yenyewe kutangazwa. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2015 iliahidi kumaliza maonyo yote ya muda mrefu ya maji katika ardhi za Mataifa ya Kwanza kufikia Machi 2021. Mengi, zaidi ya mia, yameondolewa, na tarehe ikapita mengine yakiwa palepale.

Hata hivyo, si sahihi kwamba siku hii haijaleta chochote zaidi ya ngoma. Kwa kuwa kila mwaka viongozi hulazimika kusimama jukwaani Juni 21, tarehe hiyo imekuwa kama siku ya kudaiwa, na anayedaiwa hapendi kufika mikono mitupu. Sheria ya Lugha za Asili iliidhinishwa Juni 21, 2019. Sheria ya kulitekeleza Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili iliidhinishwa Juni 21, 2021, siku moja na ile ya kiapo tuliyoitaja juu, na mpango wa utekelezaji wake ukatolewa Juni 21, 2023. Unaweza kusema sheria ni karatasi, nasi hatutabishana sana. Lakini lugha za asili zaidi ya 70 zinazozungumzwa nchini Kanada, nyingi zikiwa zimebaki na wasemaji wachache wazee, zinahitaji fedha za walimu, na fedha za walimu huanzia kwenye karatasi ya namna hiyo.

Wanaokasirishwa na maji ni haohao wanaocheza. Sikiliza hotuba za machifu kabla ngoma hazijaanza, utasikia Neskantaga ikitajwa kwa jina.

SWALI: Binamu yangu aliyeko Marekani anasema siku ya watu wa asili ni Oktoba. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Windsor)

JIBU: Wote wawili. Marekani huiweka Jumatatu ya pili ya Oktoba, siku ileile iliyokuwa, na kisheria bado ni, ya Columbus. Mji wa Berkeley ulianza mwaka 1992, miji na majimbo yakafuata, na mwaka 2021 rais wa nchi akaitolea tangazo kwa mara ya kwanza. Kanada siku hiyo hula bata mzinga kwa Sikukuu ya Shukrani. Umoja wa Mataifa nao una yake, Agosti 9.

SWALI: Jumuiya yetu ya Waswahili kanisani ingependa kuandaa adhimisho dogo Juni 21. Tumepanga kuimba, kusoma maneno ya kuitambua ardhi, na kijana wetu mmoja amejitolea kufukiza majani matakatifu kama alivyoona wanavyofanya. Je, tunakwenda vizuri? (Katibu wa jumuiya, Ottawa)

JIBU: Nia ni njema, ila kijana huyo mshukuruni na mumwombe aketi. Kufukiza majani ni ibada, na ibada huongozwa na aliyekabidhiwa. Alikeni mtu. Katika miji mingi vipo vituo vya urafiki vya watu wa asili, zaidi ya mia moja nchini kote, na kazi yao mojawapo ni kuwaunganisha watu kama ninyi na wazee wanaokubali kualikwa. Ottawa imo katika ardhi ya Waalgonquin, ambayo haikuwahi kutolewa kwa mkataba, kwa hiyo anzieni kwao kabla ya kumfikiria mtu wa taifa jingine. Pia mjue mji wenu una Wainuit wengi, labda kuliko mji wowote wa kusini, na taratibu zao si zilezile: mzee wa Kiinuit akija pengine atawasha qulliq, taa ya jiwe yenye umbo la mwezi mchanga, inayotumia mafuta ya sili na utambi wa pamba ya tundra, na hiyo ndiyo itakayokuwa ufunguzi wenu. Ulizeni kama ukumbi unaruhusu moto na moshi, na mtoe taarifa kwa msimamizi wa jengo, maana king'ora kimeshavunja shughuli nyingi.

Ombi kwa mzee wa Mataifa ya Kwanza kwa kawaida huambatana na tumbaku kidogo, iliyofungwa kwenye kipande cha kitambaa. Mkabidhi mnapotoa ombi, wala si baada ya shughuli, kwa kuwa akiipokea ndiyo amekubali. Kwa mzee wa Kiinuit tumbaku si desturi, hivyo mwulizeni anayewaunganisha ni kipi kinachofaa. Mbali na hayo kuna bahasha ya fedha. Msione haya kuuliza kiasi mapema, na msimlipe mzee pungufu ya vile mngemlipa mhubiri mgeni. Mtu amfuate kwake kwa gari na kumrudisha.

Maneno ya kuitambua ardhi yasomwe na mmoja wenu, wala si na mgeni wenu, kwa sababu ni ninyi mnaotakiwa kusema mmeketi kwenye ardhi ya nani. Jifunzeni kutamka majina kabla ya siku yenyewe. Nyimbo zenu imbeni, tena kwa Kiswahili; mwenyeji aliyewatembelea atapenda kusikia mmetoka na nini. Na chakula kikiiva, asimamishwe kijana mmoja na sahani kwa ajili ya mzee, apelekewe alipoketi kabla foleni haijaanza.